Mgonjwa Aonekane

Geti la kiwanda cha soksi lilifungwa saa moja asubuhi, na aliyechelewa, awe ametoka kuzaa au kuzika, alisimama nje na wauza mihogo mpaka mabwana wajisikie kumsikiliza. Tunu alikuwa mwenyeji wa hapo nje. Kanga yake ilikuwa bado na majimaji ya kumwogesha mavyaa wake, na mikononi ananukia sabuni ya mche. Siku ile mlinzi hakumfungulia kabisa. Alimpitishia maneno kwenye tundu la geti, kama mtu anayemtupia paka mwiba wa samaki.

"Dada Tunu, Bwana Gibson kasema ukichelewa tena usije. Si mie, kasema yeye."

"Nisije kazini au nisije getini?"

"Wewe nawe! Kote."

Akarudi Tandika kwa miguu, na ujira wa siku ile ukabaki ndani ya geti.

Haikuwa uvivu. Tunu alikuwa anaamka majogoo hayajajikung'uta. Lakini Bi Rukaiya, mama mzazi wa mumewe, alikuwa amepigwa na kiharusi, upande wa kushoto wote umelala kama nguo iliyoanikwa, na haja zake zilimjia baada ya chai, na chai haikumshuka kabla ya jua kuchomoza. Uogeshe mapema, utaogesha tena. Uondoke bila kuogesha, umuache mtu mzima kwenye uchafu wake mpaka jioni. Mwili wa mgonjwa haujui afisa utumishi.

Kabla tajiri mpya hajakinunua kiwanda kutoka serikalini, jambo hili halikuwa na afisa wala halikuwa na jina. Wanawake wa meza ya kushona vidole vya soksi walikuwa wakishikiana. Soksi ikitoka kwenye mashine huwa kama mfuko uliotoboka chini, na kazi yao ilikuwa kuufunga ule upande wa vidole. Apolonia akiuguza mwanawe, Tunu alishona vidole vyake na vya Apolonia. Tunu akiwa na mavyaa wake, Apolonia alishona vya wote wawili. Kilichotakiwa ni soksi zifungwe kabla ya jioni, na zilifungwa, na hakuna soksi hata moja iliyowahi kuuliza nani kaishona. Tajiri alipokuja akasema huo ni wizi wa muda. Kila mtu akapewa cherehani yake, kila cherehani namba yake, na kushikiana kukafa siku hiyo hiyo.

Kisha Bwana Gibson, afisa utumishi, akapelekwa semina.

Ilikuwa semina ya wiki nzima katika hoteli ya ufukweni, ya kula na kulala, na alirudi amenenepa kidogo mashavuni, ana mkoba mpya wa plastiki na neno jipya mdomoni. Akawakusanya wafanyakazi uwanjani, wao juani, yeye kwenye kivuli cha bati.

"Ndugu wafanyakazi, dunia imebadilika. Menejimenti imetambua kwamba baadhi yenu mnauguza majumbani. Kwa hiyo tunaanzisha ratiba nyumbufu. Mwenye mgonjwa ataingia saa nne badala ya saa moja, na atafidia jioni. Huko duniani ndivyo wanavyofanya."

Watu wakapiga makofi. Apolonia hakupiga. Alimwinamia Tunu sikioni.

"Si ndiko kule kushikiana kwetu? Utaratibu wetu wameuua, wameuzika, sasa wameufufua na kuuvisha tai."

"Nyamaza, Apo, usije ukaniharibia."

"Lakini," Bwana Gibson akainua kidole, "hatutaki ujanja. Kuna kamati. Mgonjwa aletwe, aonekane."

Mzee mmoja wa stoo akauliza kama cheti cha daktari hakitoshi.

"Vyeti vinauzwa mitaani kama njugu, mzee wangu. Tunataka kuona kwa macho."

Kamati yenyewe ilikuwa Bwana Gibson, karani wake Clara, na mtunza fedha ambaye hakupenda kuinuka kitini. Nesi hakuwemo, maana nesi angedai posho.

Wa kwanza kuonekana alikuwa mgonjwa wa Mfaume wa idara ya rangi. Mfaume alimleta baba yake amelala kwenye mkeka juu ya mkokoteni, kafunikwa shuka chafu, anakoroma na kuunguruma kama fahali anayechinjwa. Clara aliziba pua. Mtunza fedha alisema maskini, maskini. Bwana Gibson hakutaka hata kusogea, akatia sahihi akiwa amesimama mlangoni. Kiwanda kizima kilijua kwamba baba yake Mfaume alikufa zamani, na yule wa kwenye mkeka ni mlevi wa jirani aliyeahidiwa gongo ya jioni. Alistahili gongo yake. Aliifanyia kazi.

*

"Mwambie mama," Tunu alimwambia mumewe. "Mimi siwezi kumtamkia mavyaa wangu kwamba wanataka kuona alivyopooza. Wewe ni mwanawe, mweleze vizuri, aelewe."

Kondo alikuwa amekaa kwenye kizingiti akichokonoa meno, ingawa hakukuwa na nyama iliyoliwa nyumba ile tangu Idi. Zamani alikuwa mtunza stoo wa shirika moja la umma. Shirika likafa, wakampunguza, na tangu hapo alikuwa kijiweni akisubiri dili. Dili lilikuwa njiani daima.

"Nitamwambia. Hilo dogo."

"Usiseme dogo. Nikikosa hii ratiba, kazi ndiyo basi. Labda uwe unamwogesha wewe."

Kondo aliruka kama aliyekalia siafu. "Mie? Nimvue nguo mama yangu mzazi? Unataka laana ituingie humu ndani?"

"Haya. Basi mweleze."

Akaingia kumweleza. Alisimama mlangoni pa chumba, akakohoa, akaangalia dari, na maneno yote aliyotumwa yakamkimbia, kwa sababu mtoto wa kiume haanzi tu kumwambia mama yake habari za kujinyea.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba. Umeshaniamkia leo. Una nini?"

"Wakubwa wa kazini kwake Tunu wanataka kukuona."

Uso wa Bi Rukaiya, ule upande uliobaki hai, ukachangamka.

"Kuniona mie?"

"Wewe, mama. Keshokutwa."

"Ala! Kumbe watu wenye adabu bado wapo."

Kondo alitoka akifuta jasho. "Nimeshamwambia," alisema, na hapo hakudanganya.

Bi Rukaiya alikuwa mtoto wa watu. Alizaliwa pwani hii hii, akaolewa kwa ngoma na vigelegele, na kwa mila aliyokulia, mtu akisema anataka kukuona, anakuheshimu, na anayeheshimiwa hujiandaa. Kwa hiyo kesho yake, Tunu akiwa bado kiwandani, jirani yao Najat aliitwa. Najat hakuwa mtu wa kuitwa mara mbili kwenye jambo la kujipamba. Alimpaka Bi Rukaiya hina mikono yote, ule mzima na ule uliokufa, akamsokota nywele, akafukiza udi chumba kizima mpaka mende wakatoka. Kutoka kwake akaleta bangili za dhahabu bandia na wanja wa Makka.

"Kesho utawaua wazee wa huko ofisini, bibi."

"Mie niliacha kuua zamani, mwanangu. Kesho naenda kumtoa mkamwana wangu kimasomaso."

Asubuhi ya siku yenyewe Tunu, ambaye alikuwa ameombewa ruhusa na msimamizi wake, alimaliza kumwogesha mavyaa wake, akamkuta Najat anasubiri na wanja mkononi.

"Mama, si ungevaa tu ile kanga ya kila siku? Ile nyepesi."

"Ile ya kulalia?" Bi Rukaiya alimtazama kwa jicho moja kali. "Niende kwa mabosi wako kama niliyeokotwa jalalani? Waseme Tunu hamtunzi mavyaa wake, anamvalisha matambara? Hilo halitokei, mwanangu. Mie bado sijafa."

Tunu akamtazama mumewe. Kondo akatazama viatu vyake.

"Na mkokoteni sipandi," Bi Rukaiya aliendelea. "Mie si gunia la mkaa."

Basi Anwar, rafiki wa Kondo wa kijiweni, akaleta teksi yake kwa mkopo wa maneno, na mgonjwa akaondoka Tandika ananukia kama bibi harusi.

*

Walifika mapema. Kondo alimbeba mama yake kutoka kwenye teksi, akavuka naye geti, akamketisha kwenye benchi la ofisini, pembeni, ili ukuta umshike upande ule usiojishika. Tunu aliulaza mkono uliokufa mapajani, akaufunika kwa ncha ya kanga. Ushungi ukashushwa ukaziba pembe ya mdomo iliyoteremka. Mlinzi aliona yote: aliona mama anabebwa kama mtoto, miguu inaning'inia. Lakini mlinzi si kamati.

Kamati ilichelewa, kwa kuwa saa moja ni ya wenye cherehani. Bwana Gibson alipoingia na wenzake alisita mlangoni. Alikuwa amejiandaa kuona kitu cha kuziba pua. Akakuta mwanamke mtu mzima aliyekaa wima, jicho limekolea wanja, bangili zinameta, na ofisi nzima inanukia udi.

"Mgonjwa yuko wapi?" akauliza.

"Ndiye huyu, bosi," alisema Tunu.

Bwana Gibson alimtazama Clara. Clara aliinamia kalamu yake ili asicheke.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo? Watoto hawajambo? Mama watoto?"

"Hawajambo. Wewe hujambo?"

"Sijambo, alhamdulillahi."

Clara akaandika. Tunu aliiona kalamu ikienda. Kwao pwani hata anayekata roho huulizwa hujambo akajibu sijambo, ndipo aeleze. Lakini Bwana Gibson hakusubiri kuelezwa.

"Tumeambiwa unaumwa, mama. Unaumwa nini?"

Bi Rukaiya alitabasamu kwa ule upande wenye kutabasamu. Mbele yake wamekaa wanaume wawili aliowazidi umri kama mama yao, wamekunja nne, na msichana mwenye sketi fupi. Hao ndio awaeleze?

"Uzee tu, mwanangu. Uzee nao una dawa?"

Mtunza fedha akacheka. "Kweli kabisa, mama."

"Unakula vizuri?"

"Mkamwana wangu huyu ananilisha vizuri sana. Huyu si mkwe, ni mtoto. Nyie mna bahati kuwa naye. Mpeni cheo."

Alifikiri anamsaidia. Kila neno jema alilolitia, alilitia kama mtu anayeongeza kuni chini ya chungu, asijue aliyeko chunguni.

"Hebu mama simama kidogo tukuone," alisema Bwana Gibson.

"Nisimame?" Sauti ya Bi Rukaiya ikapoa. "Kwetu sie, baba, mtu mzima akikaa, vijana ndio husimama. Mmefundishwa wapi nyie?"

Kondo, pale mlangoni, akaachia kicheko cha fahari. Hakuweza kujizuia. Mama yake alikuwa amerudi jinsi alivyokuwa zamani, yule wa kuwasuta watu mtaa mzima, na kwa dakika ile alisahau kabisa walichokuja kutafuta.

Bwana Gibson hakupenda kusutwa mbele ya karani wake. Akasogeza kiti mbele.

"Mama, nitauliza moja kwa moja, maana hapa ni kazini. Bibi Tunu ameandikisha kwamba hujiwezi. Kwamba hata haja unafanyia kitandani, yeye ndiye anakusafisha. Ni kweli au si kweli?"

Nje mashine za soksi ziliendelea kula nyuzi. Bi Rukaiya alimgeukia Tunu taratibu, na jicho lile lenye wanja halikuwa na hasira; lilikuwa na mshangao, kama la mtu aliyevuliwa nguo sokoni na mtu aliyemwamini kumbebea kapu. Kisha akamgeukia afisa.

"Si kweli," alisema. "Mie najiweza. Mie nina adabu zangu."

"Bibi Tunu," Bwana Gibson akaegemea nyuma, "mama anasema anajiweza. Wewe unasemaje?"

Hapo ilikuwa kazi yote. Neno moja tu lilitakiwa, au hata neno lisitakiwe, amfunue tu ule mkono, auinue na kuuachia uanguke. Apolonia angefanya. Mfaume angefanya na kuongeza machozi. Tunu alimtazama mavyaa wake, akaona kidevu kinavyotetemeka chini ya ushungi kwa kujizuia, akaona hina imekolea vizuri kwenye kucha.

"Mama ameshasema," akajibu.

*

Uamuzi ulibandikwa ubaoni siku ya pili, wote wausome. Ombi la Tunu limekataliwa, na kwa kujaribu kuihadaa menejimenti kwa kuleta mtu mzima na kumwita mgonjwa, amepewa onyo la mwisho. Ombi la Mfaume limekubaliwa. Ombi la tatu nalo limekubaliwa: la Bwana Gibson mwenyewe, anayemuuguza mama yake mzazi aliyeko mkoani, na ambaye kamati imeona hakuna haja ya kumleta kwa sababu ya umbali wa safari.

"Kwa hiyo atakuwa anaingia saa nne," alisema Apolonia, "ili amuuguze mama yake kwa simu."

"Nyamaza, Apo."

"Sinyamazi. Wewe ndiye ulinyamaza, umepata nini? Ungemfunua yule bibi mkono, basi!"

"Ungemfunua mama yako?"

Apolonia alifyonza, akavuta soksi nyingine, akaifunga vidole. Alishona kwa nguvu mpaka sindano ikakatika.

*

Asubuhi iliyofuata Tunu alichemsha chai, akaiweka kando ya kitanda, akajaza ndoo maji, akaweka sabuni, kitambaa na beseni mlangoni pa chumba cha mavyaa wake. Kisha akajifunga kanga ya kutokea.

"Unakwenda wapi?" Kondo aliuliza kutoka shukani.

"Kazini."

"Na mama?"

"Yumo ndani."

"Tunu, mie siwezi. Unajua kabisa siwezi. Mama yangu mzazi!"

"Basi mpeleke kwa kamati," alisema Tunu, akatoka.

Kondo alizunguka uani. Alikwenda kwa Najat, akamkuta anapepeta mchele.

"Shemeji, nisaidie leo tu."

"Mie nilikuja kwa hina, shemeji. Hayo mengine yana wenyewe."

Aliporudi, mama yake alikuwa anaita. Chai ilishashuka na kufanya yake, na harufu ilitangulia mlangoni.

"Tunu! Tunu yuko wapi?"

"Kaenda kazini, mama."

"Mapema yote hii? Si wamempa hiyo ruhusa aliyowaandikia? Mbona nilizungumza nao vizuri?"

"Hawakumpa. Walisema wewe ni mzima."

"Nani aliyesema mie mzima?"

Kondo alitazama beseni. "Wewe, mama."

Bi Rukaiya aligeuza uso ukutani. Nzi mmoja akatua kwenye mkono ule usiohisi.

"Na Tunu alipoulizwa alisemaje? Sikumsikia vizuri, nilikuwa na uchungu naye."

"Alisema mama ameshasema."

"Hakunibishia?"

"Hakukubishia."

Akamgeukia mwanawe. "Lete maji," alisema Bi Rukaiya.

"Mama, mie mtoto wa kiume..."

"Najua ulivyo, nilikuzaa. Chukua kanga hiyo, jifunge macho. Vizuri, isipite hata mwanga. Mie nitakuwa nakuambia."

Kondo akajifunga. Akaingia chumbani mikono mbele kama mchezaji wa kibe, akapiga ndoo teke, maji nusu yakaenda chini ya kitanda.

"Kulia kwako. Kulia! Huo ni ukuta, unaogesha ukuta. Sogea. Hapo. Taratibu, hilo ni jicho langu. Kitambaa kikamue kwanza, mbona unaogesha kama unaosha gari la shirika? Kwani hilo shirika lilikufa kwa nini kama si kwa mikono kama hii?"

"Samahani, mama."

"Samahani ya nini, geuza. Mie nilikuosha macho wazi miaka yote ile, na sikuita kamati." Akapumua. "Unalia?"

"Jasho, mama."

"Haya. Kamua tena."

Jioni Tunu alirudi akiwa amejiandaa kwa lolote. Alikuta shuka limetandikwa kombo, kanga imevalishwa ndani nje, godoro limelowa mpaka upande wa kichwani, na mavyaa wake kapakwa poda uso mzima kama mkate uliovunda. Akapiga magoti kando ya kitanda, akashika kitambaa. Bi Rukaiya alimshika kifundo cha mkono kwa ule mkono mzima.

"Wakikuuliza tena wale mabwana zako, waambie mama anajinyea. Sema kwa sauti, yule kijana wa kike aandike."

"Hawaulizi tena, mama. Kamati imefungwa. Wamesema wamepata wagonjwa wa kutosha."

Bi Rukaiya aliachia mkono. Alitazama dari, poda ikimdondoka kwenye nyusi.

"Basi mwambie mumeo kesho afunge jicho moja tu," alisema. "Leo kaogesha mpaka mto."